Mota za Nchi Tatu na Mume Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Shituru, kiwanda cha shaba mjini Likasi, Katanga ya Kongo, kabla king'ora cha asubuhi hakijalia, nimevaa ovaroli ya marehemu baba, mikono yake nimeikunja hadi kwenye viwiko na kiuno nimekifunga kwa kamba ya kiatu. Shefu wa atelye, yaani mkuu wa karakana ya umeme, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia karani aliyenileta.

"Njo huyu?"

"Njo huyu, Shefu. Mutoto ya Papa Kabange. Amesoma umeme ku institut."

Shefu hakunipa mkono. Alinivuta hadi kwenye meza ya chuma iliyokuwa na stator iliyoungua. Stator ni ile sehemu ya mota isiyozunguka: pipa la chuma lenye mifereji kwa ndani, na ndani ya mifereji hiyo hulazwa koili za waya wa shaba. Hii ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Nusa," akasema. Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Inanuka moto, Shefu."

"Hapana. Moto iko ku jiko. Hii inanuka muntu alilala ku kazi. Pompi ilikauka, hakuna muntu aliangalia, mota ikateseka peke yake mpaka ikakufa. Kazi yako hapa ni kufufua."

Ndivyo nilivyoingia kwenye bobinage. Huko Tanzania mafundi wanaiita kusuka mota, na tangu nilipolisikia neno hilo nimelipenda kuliko la Kifaransa, kwa sababu ndivyo kazi ilivyo. Unaitoa shaba iliyoungua, unasafisha mifereji, unaitandika karatasi ngumu ya kuhami ili umeme usiguse chuma, halafu unaanza kulaza koili mpya, uzi juu ya uzi, kwa vidole vitupu. Ukivuta sana, waya unakwaruzika na mota itaungua tena mwezi huohuo. Ukilegeza, hautoshi ndani ya mfereji. Mwishowe unaizamisha yote kwenye vanishi na kuioka kwenye tanuri mpaka ikauke. Mwanamke aliyezoea kusuka nywele ana nusu ya kazi hii mikononi kabla hajaanza.

Nilifanya kazi chini ya Shefu huyo kwa miaka kadhaa, nikiishi na mama yangu mtaani Panda, katika nyumba ya matofali ambayo baba alipewa na kampuni. Kisha kiwanda kikaanza kupoa. Pampu zilisimama moja baada ya nyingine, na pampu isiyofanya kazi haiunguzi mota. Tulikuwa tukiketi kwenye viti vyetu tukizungumza habari za misa na za mpira. Asubuhi moja Shefu alinikuta nikipangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Odette," akasema, "mota hazikuye tena huku. Weye ungali kijana. Wende kule kwenye zinaungua."

Kule kwenye zinaungua palikuwa Kitwe, upande wa Zambia. Binamu ya mama aliishi huko. Nilivuka mpaka wa Kasumbalesa na begi moja na cheti changu cha institut, ile shule ya ufundi, ndani ya kitambaa, na baada ya majuma machache karakana moja ya watu binafsi ilinichukua. Meneja alikuwa mtu mpole, msahaulifu, lakini jambo moja hakulisahau kamwe: kunikumbusha kwamba kibali changu cha kazi kilikuwa mali yake. Nawaeleza vijana mnaotaka kwenda nje: kibali cha kazi hupewi wewe kama upewavyo kitambulisho. Kinafungwa kwa mwajiri. Ukimwacha yeye, au akikuacha, kibali kinabaki pale kama ngozi ya nyoka, nawe unatoka uchi.

Huko Kitwe ndiko nilikompata Amba.

Jina lake kamili ni Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya, fundi wa pampu katika kampuni iliyotuletea mota. Nilizoea kuwasikia Wazambia wakisema Kibemba, ambacho nakielewa vizuri. Huyu aliingia karakanani, akavua kofia, akasema Kiswahili kilichonyooka kama shati la Jumapili.

"Samahani dada, naulizia mota yangu. Imekamilika?"

"Bado iko inakauka mu tanuri," nikamjibu. "Ukuye kesho."

Akajitazama.

"Nikue kesho? Dada, mimi nimeshakua. Hapa ndipo nilipofikia."

Sikuelewa kwa nini anacheka, wala yeye hakujua kwamba kwetu "ukuye" ni "uje". Meneja mwenyewe hakuelewa lugha yoyote kati ya hizo mbili, akabaki akitutazama tunavyocheka juu ya mota iliyokuwa haijakauka. Kesho yake Amba alikuja. Aliposimama mlangoni alisema, "Nimekua."

Kabla ya ndoa ilibidi aje Likasi kujionyesha kwa mama yangu na wajomba. Kwa mtu wa Mbeya wakati ule, kuingia Kongo kulihitaji viza, na aliisubiri kwa muda mrefu hadi nikadhani amebadili mawazo. Alipofika Panda alipiga magoti mbele ya mama, kama kwao wanavyosalimu wakubwa, akatoa hotuba ndefu ya kuomba uchumba. Wajomba walitikisa vichwa kwa heshima. Alipomaliza, mama akaniinamia sikioni.

"Uyu muntu anasema kama radio," akanong'ona. "Mwambie aendelee."

Tukafunga ndoa katika parokia ya Kitwe, mbele ya padre na ya afisa wa serikali. Tulipopeleka cheti cha ndoa ofisi ya uhamiaji tukidhani mambo yamekuwa mepesi, afisa aliyetupokea alikisoma kwa makini, akatupongeza, kisha akatueleza ukweli ambao hakuna padre anayeuhubiri. Kwa nchi yake, alisema, sisi tulikuwa wageni wawili. Angekuwa mmoja wetu Mzambia, mwingine angeingia chini ya mwavuli wake. Lakini Mkongo na Mtanzania nchini Zambia, kila mmoja alikuwa na mwavuli wake mdogo, na mvua ingetupata katikati.

Hatukumjali. Tulikuwa vijana na tulikuwa na kazi. Mungu hakutupa mtoto, nasi tulilia juu ya hilo kwa wakati wake. Nalitaja hapa kwa sababu moja tu: miaka yote iliyofuata, kila mara tuliposimama mbele ya dirisha la afisa, kulikuwa na aliyeuliza, "Watoto wako wapi?" Hawakuuliza kwa ubaya. Mtoto kwao ni ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Amba alikuwa na jibu moja. Alinionyesha mimi kwa kiganja chake na kusema, "Ushahidi ni huyu hapa."

Mvua ilitupata Kazungula.

Mgodi mmoja wa Botswana ulikuwa unatafuta msukaji wa mota kubwa. Niliandikiwa kwamba nimekubaliwa, kibali changu cha kazi kinashughulikiwa, niripoti mapema. Aliyeitwa ni mimi. Amba angekuja kama mume wa mfanyakazi, kisha atafute kazi yake. Tukaacha kazi zote mbili. Tukauza kitanda na kabati. Tukashuka kusini kwa basi hadi mtoni, mpakani, mahali ambapo siku zile magari na watu walivushwa kwa kivuko, jukwaa la chuma linalosukumwa na injini. Nakumbuka nilikuwa nimevaa gauni jipya la kijani, kwa sababu nilitaka wanione mtu wa maana.

Upande wa Botswana afisa wa zamu alichukua pasi ya Amba, akaigeuza, akapiga muhuri. Watanzania hawakuhitaji viza. Kisha akachukua yangu.

"Viza iko wapi, mama?"

Nikampa karatasi za mgodi. Alizisoma zote kwa uvumilivu.

"Hizi ni habari za kibali cha kazi," akasema. "Kibali kinakuruhusu kufanya kazi ukiwa ndani. Viza inakuruhusu kuingia. Wewe ni Mkongo. Ulipaswa kuipata kabla ya kusafiri."

"Lakini ni mimi niliyeitwa," nikasema. "Mume wangu ananisindikiza tu."

Nadhani alinihurumia. Alimtazama Amba, akanitazama mimi, akazirudisha karatasi zangu taratibu.

"Bwana anaweza kuendelea na safari," akasema. "Mama atarudi na kivuko."

Amba hakubishana. Alirudisha pasi yake dirishani na kuomba apigwe muhuri wa kutoka. Afisa akamwambia ameingia sasa hivi tu, wino haujakauka.

"Naona," Amba akasema. "Lakini nchi isiyomwingiza mke wangu, mimi nitaifanyia nini?"

Tulirudi na kivuko kilekile. Niliegemea ukingo wa chuma, sikulia, niliyatazama maji tu na kuona aibu ya gauni la kijani. Upande wa Zambia tatizo lilikuwa jingine: asubuhi ileile walikuwa wamenigongea muhuri wa kutoka, na kibali changu cha zamani kilikwisha nilipoacha kazi. Sikuwa nchini popote. Ndani, afisa mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, alituketisha kwenye benchi, akasikiliza yote.

"Nitawapa siku chache za kupita," akasema. "Nataka kujua mnapita kwenda wapi."

"Nyumbani," Amba akajibu.

"Nyumbani kwa nani?"

Hapo mume wangu, mtu wa maneno kama radio, alinigeukia. Hatukuwahi kuulizana swali hilo. Nyumbani ilikuwa Kitwe, na Kitwe tulikuwa tumeiuza pamoja na kitanda. Likasi mota zilikuwa zimepoa. Mimi ndiye niliyejibu.

"Kwake," nikasema. "Mbeya."

Yule mama akaandika. Nililisema neno lile kwa sekunde moja, nikaliishi kwa miaka mingi.

Tunduma, mpakani, afisa wa Tanzania alinisikia nikiongea akacheka mpaka akawaita wenzake: "Njooni mumsikie shemeji!" Lakini alinipa viza ya matembezi, na baadaye mjini nikabadilishiwa kuwa kibali cha mtegemezi, yaani mtu anayeishi nchini kwa mgongo wa mwenza wake. Kibali hicho kinakuruhusu kupika, kulala na kusali. Kufanya kazi hakikuruhusu. Miezi ya kwanza nilikaa ndani ya nyumba ya wakwe zangu vidole vikiniwasha kwa kukosa waya.

Na kulikuwa na mpaka mwingine ambao hakuna aliyenitahadharisha. Siku niliyofika nilimwona baba mkwe uani, nikamkimbilia na mikono miwili mbele, kama tunavyofanya kwetu. Mzee alinipa mgongo, akaingia ndani haraka. Nilidhani amenikataa. Amba akanieleza kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana hamkabili baba mkwe, wala hapiti njia anayopita yeye, na kwamba mzee alikimbia kwa heshima. Kwa miaka yote niliyoishi pale tuliheshimiana kwa kukwepana. Akitaka kunipongeza kwa jambo, aliusemesha ukuta kwa sauti kubwa nikiwa upande wa pili. Alipofariki nililia kuliko binti zake.

Msimamizi wa karakana moja ya Mwanjelwa, mtaa wa Mbeya, ndiye aliyenitoa ndani. Alimsikia Amba akinisifu, akaja mwenyewe nyumbani.

"Nasikia hapa kuna mama anasuka mota," akasema mlangoni.

"Yupo, lakini hana kibali cha kusuka," Amba akamjibu.

"Kibali tutakitafuta. Vidole ndivyo havitafutwi."

Alitimiza. Ilichukua karibu mwaka, lakini nilipata kibali changu mwenyewe, nikarudi mezani. Mota za Mbeya zilikuwa za mashine za kukoboa mpunga, za kukamua alizeti, za pampu za visima. Kule Shituru niliingiza mwili mzima ndani ya stator. Hapa nilifanya kazi kwenye mapaja yangu kama mtu anayesuka mkeka. Vijana wa karakana walinifundisha kusema "mtu" badala ya "muntu", nami nikawafundisha kunusa. Kiswahili hiki ninachokiandika hapa nilikipata Mwanjelwa na mezani kwa mume wangu. Kile cha Panda kimebaki mdomoni kwa ajili ya hasira na sala.

Hiyo ndiyo miaka yangu mizuri. Asubuhi za Mbeya zina ukungu, na Amba alikuwa na tabia ya kuninywesha chai nikiwa bado nimejifunika, akisema damu ya Katanga ni nyepesi. Nikifumba macho sasa naisikia harufu ya ile chai, yenye tangawizi nyingi mno.

Kisha simu ikapigwa kutoka Panda. Mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Kaka yangu alikuwa amekwisha kufa, nilibaki mimi. Amba alinisindikiza hadi Tunduma. Tulidhani ni miezi mitatu.

Mama hakusimama tena. Nilimgeuza kitandani, nilimwogesha, nilimlisha, na kila nilipopanga kuondoka, homa ilimshika au kidonda kilifunguka. Huku nyuma kibali changu cha Tanzania kilikwisha muda nikiwa nje, na ukikosekana nchini kwa muda mrefu hurudii ulipoachia. Unaanza upya kama mgeni ambaye hajawahi kuonekana. Nikatafuta kazi. Migodi mipya ilikuwa imefunguka upande wa Kakanda, na karakana moja ya mjini iliyowahudumia ilinipa meza, baadaye ikanipa vijana wa kuwafundisha. Mkurugenzi alikuwa mhandisi aliyeweza kuwa mwanangu. Aliniita "Mama Shefu". Jina hilo lilinipendeza na kuniumiza.

Kwa hiyo tuliishi hivyo, mimi na mume wangu, kwa simu. Aliweza kuja Likasi, ndiyo, lakini viza yake ilihitaji karatasi ya prise en charge, ahadi ya mwenyeji kwamba atamlisha na kumlaza mgeni, iliyothibitishwa Lubumbashi. Nilicheka nilipoijaza mara ya kwanza. Kuahidi mbele ya serikali kwamba nitamlaza mume wangu! Alikuja, akakaa kipindi chake, akarekebisha bomba la mama na mlango wa choo, akarudi. Siku ya kuondoka alipanda basi la Lubumbashi na kukaa dirishani, nasi tulikuwa tumekwisha kuagana nyumbani. Akasema kupitia kioo, "Umekula?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa nimekula.

Mara ya pili karatasi zilikuwa bado njiani alipopatwa na kiharusi.

Nilijua kabla hajamaliza neno. Alinipigia mwenyewe, kutoka hospitali, sauti imeelemea upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya. Alisema, "Oda, usiogope." Nilipanda basi siku ileile kwenda Lubumbashi kuomba viza. Wakanieleza, kwa adabu kabisa, kwamba nilihitaji barua ya mwenyeji wangu wa Tanzania, yenye sahihi yake.

"Mwenyeji wangu yuko hospitali," nikasema. "Mkono wa kulia haufanyi kazi. Ndiyo maana ninakwenda."

Yule kijana dirishani alikuwa na huzuni usoni. "Pole sana, Mama. Labda ndugu yake mwingine aandike."

Ndugu akaandika. Barua ikasafiri. Lakini kabla viza haijatoka, mama naye akazidiwa kule Panda, nikarudi mbio. Nilikaa kati ya vitanda viwili vya wagonjwa, mmoja ninamgusa na mwingine ninamsikia kwa simu, na sikuwa na nguvu kamili kwa hata mmoja wao. Kazini nilikosea koili kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikaivunja yote na kuanza tena. Mkurugenzi aliniona, akaufunga mlango na kuniacha. Namshukuru kwa hilo.

Amba aliendelea kuishi. Alijifunza kutembea na fimbo, na kuongea polepole. Mimi nikastaafu; wakanipikia bukari, ugali wa kwetu, na samaki, wakanipa kitenge, vijana wakaimba. Wiki hizo ndipo habari ilipofika kwamba kati ya Kongo na Tanzania viza imeondolewa. Jirani aliisikia redioni akaja mbio kunieleza, akidhani nitarukaruka. Niliketi kwenye ngazi. Nilikuwa nimeulaumu mpaka kwa miaka mingi hivi kwamba sikujua nimlaumu nani sasa. Mama alikuwa kitandani, Amba na fimbo yake. Barabara ilikuwa wazi na hakuna aliyeweza kuipita.

Jioni, nikimlisha uji, nilimwambia mama habari ile. Nilidhani haelewi tena mambo ya serikali. Akauzuia mkono wangu.

"Sasa unangojea nini?"

"Weye, Mama. Nani atakuchunga?"

"Charlotte iko." Huyo ni binti wa dada yake, mjane, aliyekuwa anaishi nyumba ya pili. "Minye nilikaa na baba yako mu nyumba moja mpaka Mungu alimuchukua. Weye uko na bwana ya telefone. Wende ukamuone muntu yako."

"Na kama unakufa, Mama?"

"Ninakufa mara moja tu. Haiko kazi mingi. Leta ule uji."

Nilikwenda. Viza ya kupita Zambia niliipata bila shida, na Tunduma, kijana wa dirishani alichukua pasi yangu, akapiga muhuri wa miezi mitatu, akanirudishia. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeandaa cheti cha ndoa, picha za harusi, barua ya parokia, majibu yote.

"Umemaliza, mama. Pita," akasema. "Kuna foleni."

Amba alinisubiri kituo cha mabasi Mbeya, amevaa koti la harusi lililompwaya. Hakunikimbilia, hawezi tena kukimbia. Nilimfikia, nikamshika ule mkono uliokufa, kwa kuwa ule mzima ulikuwa na fimbo. Ulikuwa na joto. Sijui kwa nini nilitegemea uwe baridi. Tuliishi miezi ile mitatu bila kufanya jambo lolote la maana. Nilimkata kucha. Yeye alinichemshia chai kwa mkono mmoja, ikimwagika, na nilikatazwa kumsaidia. Kipindi kilipokwisha nilirudi Panda, kama nilivyomwahidi Charlotte, nikamkuta mama anapumua.

Mama alifariki mvua zilipoanza, asubuhi, nikiwa namchana nywele. Wanawake wa Panda walikuja kulala nasi sebuleni kwa siku za matanga, tukaimba nyimbo za kanisa mpaka sauti zikakauka. Walipoondoka, nyumba ikawa kubwa.

Vijana wanaonijia huuliza mambo mawili. Wale wa bobinage wanauliza siri ya koili isiyoungua, nami nawaambia hakuna siri, ni kutovuta na kutolegeza. Wasichana wenye wachumba wa nje wanauliza kama inafaa. Hao siwajibu haraka. Nawaambia kwanza watofautishe viza na kibali, na wasiuze kitanda kabla ya kuwa na vyote viwili. Kisha nawaambia jambo ambalo hakuna afisa aliyeniambia: katika ndoa kama yangu, daima kuna mmoja aliye ugenini. Mkikaa kwako, yeye ndiye anayeamka na kusikia jogoo asiye wa kwao. Mkikaa kwake, ni wewe. Na mkikaa nchi ya tatu, mnaamka wote wawili hivyo. Hakuna muhuri unaoliondoa hilo. Mnapokezana tu, kama watu wawili wenye blanketi moja.

Nyumba nimemwachia Charlotte. Nimepita Shituru kwa miguu kuiaga, nikasimama ng'ambo ya reli kutazama moshi. Najua nitaikosa harufu hii ya asidi ambayo maisha yangu yote nimeilalamikia. Nitawakosa watu wanaosema "njo vile", ndivyo ilivyo, na kunyamaza, kana kwamba wameeleza kila kitu. Miaka yote nilikuwa Likasi nikiililia Mbeya. Sasa nitakuwa Mbeya nikiililia Likasi, na sina umri wa kurudi tena.

Basi linaondoka Jumanne. Leo asubuhi Amba amepiga simu. Sasa anatafuta maneno, moja moja, nami nimejifunza kumsubiri. Alitaka kujua anitayarishie chumba kipi, kile kinachopata jua la asubuhi au kile cha nyuma chenye utulivu, maana yeye siku hizi anakoroma.

"Kile unacholala weye," nikamwambia.

Nikamsikia akiiweka simu chini, kisha akihamisha vitu chumbani mwake.